Mafundi Seremala wa Mtwara Wapewe Mahali pa Kufanyia Kazi

Wahenga walisema, mwenye shoka hakosi kuni. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yameacha swali moja bila jibu: asiye na shoka afanyeje? Swali hilo ndilo linalowakabili mafundi seremala wengi wa Mtwara, wa Mikindani, na wa vijiji vya pwani mpaka mlango wa mto Ruvuma. Ujuzi wanao, nguvu wanazo, na wateja si haba, hasa msimu wa korosho wakulima wanapopata fedha na kila nyumba ikataka mlango mpya au kitanda. Wanachokosa ni vitu viwili: mahali pa kusimama na zana za kushika. Leo twapenda kulizungumza jambo hili waziwazi, maana si shida ya fundi mmoja au wawili. Ni shida ya mji mzima.

Apitaye asubuhi katika mitaa ya mji atawaona. Mmoja ameweka benchi lake chini ya mwarobaini, mwingine barazani pa duka la watu, mwingine kando ya barabara, katika ardhi ambayo ajua wazi kwamba si yake. Benchi lenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya miguu minne. Jua likiwaka, mbao zinapinda. Mvua za masika zikianza, zinalowa, na gundi haishiki. Jioni ikifika hana mlango wa kufunga. Ama abebe zana zake zote juu ya baiskeli mpaka nyumbani, ama azilaze kwa jirani mwenye duka na kumwomba Mungu zionekane asubuhi.

Fundi huyu akitaka kutoka juani na kupanga chumba, anaambiwa alipe kodi ya miezi mingi kwa mkupuo kabla hajaingia. Na chumba chenyewe kilijengwa kwa ajili ya muuza khanga, si kwa ajili ya seremala. Ni chembamba, ubao mrefu haugeuki ndani yake. Majirani nao wanalalamika kwa vumbi la msumeno na kelele za nyundo, na hatuwezi kusema kuwa wanakosea. Akikimbilia kiwanja kitupu, anakaa mpaka siku mwenye kiwanja atakapoleta matofali. Akikaa kando ya barabara, ipo siku atakuta alama ya X nyekundu imechorwa juu ya banda lake. Na kila ahamapo anapoteza wateja, kwa kuwa mteja wa seremala ni yule ajuaye, "Yule fundi yuko pale penye mwembe." Mwembe ukibadilika, mteja naye huenda kwa mwingine.

Sasa tutazame zana. Seremala hawezi kufanya kazi bila msumeno, randa, patasi, keekee, nyundo na jiliwa. Hizo ndizo za lazima, na kuzinunua zote pamoja ni mzigo kwa kijana aliyetoka kumaliza mafunzo. Za bei nafuu zipo madukani, lakini chuma chake ni laini. Kikikutana na mkongo au mninga mkavu, makali yanakwisha kabla ya adhuhuri. Mashine za kupasua na kuranda ziko mikononi mwa wachache. Kwa hiyo fundi anapakia mbao zake juu ya mkokoteni, anazipeleka kwa mwenye mashine, anapanga foleni na kulipa kwa kipimo. Umeme ukikatika analala na foleni yake. Hatuwalaumu wenye mashine. Wao nao wamenunua kwa fedha zao na wana haki ya kupata faida. Lakini yafaa tujue fedha ya seremala inakwenda wapi.

Mteja anapotoa malipo ya kwanza ya kitanda, fedha hiyo humezwa na mbao. Mninga na mkongo hazipatikani tena karibu na mji kama zamani, na mbao za misonobari husafiri kutoka Sao Hill, Mufindi, kabla ya kufika Mtwara. Malipo ya pili yanagawanywa baina ya mwenye mashine, mwenye chumba na mwenye mkokoteni. Kinachobaki ni posho ya siku chache. Hakuna akiba ya kununulia randa nyingine, sembuse mashine. Mwaka unakwisha, mwingine unaingia, na fundi yuko palepale na zana zilezile. Halafu hutokea mtu akasema kwamba mafundi wetu ni wavivu, hawaendelei! Huo si uvivu. Mtu aliyefungwa miguu hawezi kulaumiwa kwa kushindwa mbio.

Watu wa kusini wanaijua vizuri hadithi ya mitambo mikubwa inayokuja bila ya kuwaachia zana mikononi. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara, na reli ikalazwa kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukavunjika. Mnamo miaka ya mwanzo ya uhuru reli nayo ikang'olewa. Bandari imebaki na inatufaa mpaka leo, lakini mashine na karakana za mpango ule hazikuwageuza vijana wa hapa kuwa mabingwa. Mwaka 1982 gesi ikagunduliwa Mnazi Bay, na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika. Katikati, mwaka 2013, ziliingia fujo na huzuni mjini Mtwara kwa sababu wananchi walikuwa wakiuliza: nasi tutapata nini? Twaamini kwamba sehemu ya jibu la swali lile ni karakana. Mtambo mkubwa huajiri wachache. Karakana ndogo kumi huwapa riziki watu wa mitaa kumi.

Tuwatazame pia wachongaji wa Kimakonde. Vinyago vya mpingo vimeifikisha sifa ya nyanda za Newala na nchi ya Ruvuma mbali duniani. Lakini mtu akitaka kuwaona wachongaji wengi mahali pamoja huambiwa aende Mwenge, Dar es Salaam. Walihama kuwafuata wanunuzi, na huko wakapata mahali pa kukaa pamoja, kuonyesha kazi zao na kuazimana tezo na tupa. Leo, tangu Januari 2017, biashara ya mpingo baina ya nchi na nchi iko chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES, na mti wenyewe hukua polepole mno. Kwa hiyo kila kipande cha mpingo yapasa kitoe thamani yote kiwezayo. Kipande kinachoharibika kwa patasi butu ni hasara isiyolipika katika maisha ya mtu mmoja.

Kuna kundi la tatu linalosahauliwa, nao ni mafundi wa vyombo vya baharini. Huko Msimbati, Msangamkuu na Mikindani karakana ya fundi ni mchanga wa pwani. Hapo ndipo anapolaza mkuku, anapochonga mataruma kwa tezo na kutia kalafati. Kazi yake haiwezi kuhamishiwa mjini, kwa sababu chombo lazima kishushwe majini. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa mita 60 kutoka ufukweni, na ndani yake hairuhusiwi kuweka shughuli za kudumu. Aidha, tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya pwani hiyo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na mikoko haikatwi ovyo. Sheria hizi ni njema. Mikoko ikitoweka, samaki nao hutoweka, na chombo kitakuwa cha kazi gani? Lakini mfanya sheria na fundi wa ngalawa ni lazima wakae pamoja. Banda la makuti la kuundia chombo si hoteli ya zege. Kipande cha pwani kikitengwa na kuandikwa rasmi kuwa mahali pa kuundia vyombo, bahari haitadhurika, na fundi hataishi kama mtu aliyejificha.

Basi tufanyeje? Hatusemi kwamba nchi haijafanya kitu. SIDO iliundwa kwa sheria mwaka 1973, miaka sita baada ya Azimio la Arusha, ili kuhudumia viwanda vidogo kama hivi. VETA iliundwa mwaka 1994, na hapa Mtwara kipo chuo chake cha ufundi. Tena sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kuzibwa mianya, ikarudishwa mwaka 2024. Haya yote ni mambo ya kujivunia. Hata hivyo fundi mwanamume mwenye miaka 55, ambaye ndiye mwalimu wa vijana wote wa mtaani, hamo katika mafungu hayo kama hana ulemavu. Na kijana aliyekopeshwa fedha bila kuwa na mahali pa kazi huila fedha hiyo katika kodi ya chumba.

Sisi twaona mambo manne yafaayo kufanywa.

La kwanza, Halmashauri itenge ardhi ya mafundi, na ardhi hiyo iandikwe, isiwe ya kuahidiwa kwa mdomo. Isiwe porini ambako mteja hafiki. Soko bila njia si soko. Iwe na paa, umeme, maji na choo, na fundi alipe kodi ndogo kila mwezi, si kwa mwaka mzima kwa mkupuo.

La pili, papo hapo ijengwe karakana moja ya pamoja yenye mashine ya kupasua, ya kuranda na ya kukereza. Hakuna haja ya kila fundi kumiliki mashine anayoitumia saa mbili kwa juma. Karakana za vyuo vya ufundi nazo zimejengwa kwa fedha za umma. Saa ambazo wanafunzi hawamo, mafundi wa mitaani waruhusiwe kuingia kwa ada na chini ya msimamizi.

La tatu, kijana amalizapo mafunzo asirudi nyumbani na cheti kitupu. Apewe sanduku la zana kwa mkopo, alilipe kidogokidogo kutokana na kazi yake. Cheti hakirandi ubao.

La nne, na hili ndilo kubwa, kazi za umma ziwafikie. Mwaka 2016 nchi nzima ilipohimizwa kumaliza upungufu wa madawati, tuliona wazi kazi ya mbao ilivyo nyingi humu nchini. Shule, zahanati na ofisi za vijiji zinahitaji madawati, milango na makabati kila mwaka. Lakini manunuzi ya Serikali sasa hupitia mfumo wa NeST, na fundi wa chini ya mwembe, asiyesajiliwa, hawezi kuingia humo peke yake. Wakiwa kikundi kilichosajiliwa, wataweza.

Tunajua watu watasema: "Mali ya pamoja haina mwenyewe. Mashine itaharibika mwezi wa kwanza, na patasi zitaingia mifukoni." Hofu hiyo si ya bure, kusini tumeviona vyama vya ushirika vikianguka kwa viongozi wasio waaminifu. Lakini dawa ya mlinzi mwizi si kuishi bila mlinzi. Karakana iwe na daftari, na kila atwaaye zana aandike jina lake. Awepo fundi mkuu mmoja anayelipwa na kushika ufunguo. Ada ya kila siku igawanywe, na sehemu yake isiguswe ila kwa kununulia misumeno na kutengenezea mashine. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, zisomwe na kila mwanachama. Yaliyoua vyama vingi ni hesabu zilizofungiwa kabatini.

Nanyi ndugu zetu mafundi, lazima tuwaambie ukweli. Wako miongoni mwenu wanaochukua fedha ya mteja leo na kumaliza kazi miezi mitatu baadaye. Wako wanaounga mbao mbichi wakijua zitapasuka mwaka haujaisha. Wako wanaoazima randa ya mwenzao na kuirudisha na pengo. Mteja aliyetendwa hivyo mara mbili huamua kununua kitanda cha kutoka Keko au meza ya kuletwa na meli, na hatuwezi kumzuia. Mahali pazuri na zana bora havitamsaidia fundi asiyetimiza ahadi. Anzeni leo, bila kungoja mtu: watu watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakanunua jiliwa moja nzuri na tupa za kunolea misumeno. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi kinachofika mbele ya Halmashauri kikiwa na daftari la miezi sita hakifukuzwi kwa urahisi.

Tunawakumbusha pia waheshimiwa madiwani na maofisa wetu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hakuna mtu atakayetoka Dodoma kuja kupima kiwanja cha mafundi wa Mtwara; kazi hiyo ni yenu. Mkutano ujao wa baraza ukikaa, ulizeni swali moja: kiwanja cha mafundi seremala kiko wapi, na hati yake iko katika faili lipi? Likikosekana jibu, msifunge mkutano.