Tundu la boneti bila tabo ni mkwara mtupu

Leo nina kitu kifuani na lazima nikitoe. Wenye magari msinune. Msio na magari nanyi msicheke sana, zamu yenu yaja.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale Sinza kwenye sehemu moja ya kuoshea magari, nimekaa kwenye benchi nangoja zamu yangu. Mara ikaingia Toyota IST nyeupe, mziki juu, bomba la moshi nene kama kopo la maziwa, nyuma imefungwa spoila pana unayoweza kuanikia vyombo. Na juu ya boneti, katikati kabisa, skupu nyeusi. Lile tundu lililoinuka kama pua, ambalo kila kijana mpenda magari akiliona moyo unamwenda mbio.

Vijana waliokuwa wanaosha wakaacha matambara. Mmoja akauliza kwa heshima zote:

"Bro, ina tabo hiyo?"

Yule bishoo hakujibu. Alitabasamu tu, akainamia simu yake.

Jamani, lile tabasamu nalijua. Mimi mwenyewe nililivaa miezi minne nzima, na karibu linizikie mama yangu. Hadithi hiyo inakuja, vuta subira.

Kilichonichekesha ni kwamba hatua tatu tu kutoka kwenye ile IST ilikuwa imeegeshwa Hilux ya dizeli, ile ya lita 3.0 D-4D, imetoka kushusha nyanya, bodi lote tope. Nayo ina skupu juu ya boneti, na skupu yake inafanya kazi kweli. Hakuna hata mmoja aliyeitazama. Mji huu bwana!

Sasa tuingie darasani kidogo, maana watu wanaliwa fedha kwa kutojua tu.

Injini inakula vitu viwili, mafuta na hewa. Kuongeza mafuta si kazi. Kazi ni kuongeza hewa. Tabo ni kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho kinasukuma hewa kwa nguvu iingie kwenye silinda, nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe. Ila hewa ukiibana inapata moto. Kama umewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono, ulishika mwisho wa pampu ukaona ulivyochemka. Hewa ya moto imetanuka, haibebi oksijeni ya kutosha, na kwenye injini ya petroli inaweza kufanya injini igonge mpaka pistoni zikaharibika.

Ndiyo maana hewa hiyo inapitishwa kwanza kwenye intakula, ambayo ni kama rejeta, tofauti ni kwamba yenyewe inapoza hewa. Nimeshamsikia mteja mmoja gereji anamwambia fundi aitoe hiyo intakula, labda ndiyo inayomkulia mafuta. Msicheke, ndio sisi.

Kwenye Subaru Impreza WRX, iliyoanza kutoka mwaka 1992 na nguvu za farasi 240, intakula imelazwa juu ya injini, chini kabisa ya boneti. Pale upepo haufiki. Ndipo wahandisi wakatoboa boneti, wakaweka skupu ya kuushika upepo na kuushusha moja kwa moja kwenye mapezi ya intakula. Toyota walifanya vilevile kwenye Starlet GT na ndugu yake aliyefuata, Glanza V ya mwaka 1996. Hizo ni gari ndogo, uzito haufiki tani moja, injini ya cc 1331 tu, lakini kwa tabo inatoa nguvu za farasi 135. Ukikutana nayo kwenye mataa, mpishe.

Na si kila tundu la boneti ni la kuingiza hewa. Tazama Mitsubishi Lancer Evolution. Intakula yake imekaa mbele, nyuma ya bampa, inapigwa na upepo yenyewe. Yale matundu ya juu ya boneti kwa sehemu kubwa ni ya kutolea joto la injini. Kwa hiyo ukimwona mtu anakwambia Evo inavutia hewa juu, mwambie arudi darasani.

Sasa wewe mwenye gari isiyo na tabo utaniuliza, je, upepo unaoingia hausaidii hata kidogo? Hesabu yake iko hivi. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, msukumo wa upepo wote unaokuja mbele unaongeza mgandamizo wa hewa kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Kwenye foleni ya Ubungo unaongeza sifuri. Tabo ya kiwandani inaweza kuongeza zaidi ya nusu ya mgandamizo wote wa hewa ya kawaida. Huo ndio umbali kati ya tabo na mkwara.

Lakini tusiwaonee vijana wetu. Geresha hii haikuanzia Sinza. Kule Marekani, Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilitoka kiwandani na skupu mbili za boneti, zote zimezibwa. Pambo tupu! Mwaka 1965 ndipo wateja wakaanza kuuziwa vifaa vya kuifungua skupu iingize hewa kweli. Sasa kama kiwanda kizima kiliuza sura, kijana wa IST utamlaumu nini?

Ugonjwa wenyewe niliupata utotoni, na aliyeniambukiza ni Safari Rally. Mashindano haya yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, kwa hiyo wazee wetu nao waliyaona kwa macho. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan aliyachukua akiwa na Toyota Celica. Mwaka 1996 ikawa zamu ya Tommi Mäkinen na Lancer Evolution. Mwaka 1997 Colin McRae akaja na Impreza ya bluu, na mimi nikapotea hapohapo. Nilibandika picha ya ile gari ukutani juu ya kitanda, skupu inanitazama usiku kucha.

Ambacho sikukitilia maanani kwenye picha ile ni bomba lililopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Lile lilikuwa la kuvutia hewa juu, gari isinywe maji inapovuka mito. Wale jamaa hawakuweka tundu hata moja kwa ajili ya kuringia. Kila tundu lilikuwa na kazi yake.

Haya, sasa hadithi yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilijaliwa kupata Starlet. Starlet ya kawaida kabisa, haina tabo wala ndoto ya tabo. Nikaipeleka kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Kinondoni, aikague. Alipomaliza akajifuta mikono, akasema:

"Kijana wangu, pedi za mbele zimebaki kama karatasi. Na mafuta ya breki meusi kama kahawa. Badilisha vyote, usichelewe."

Nikamwambia, "Sawa mzee, wiki hii hii."

Fedha nilikuwa nayo, na ilitosha kitu kimoja. Njiani nikapita dukani, nikaiona skupu ya Glanza imetundikwa. Mnajua kilichofuata. Nilimpata fundi bodi mwingine asiye na maswali mengi, akatoboa boneti kwa tindo, akaifunga kwa riveti, akapiga puti na rangi. Jioni ile niliizungusha mitaani mpaka mafuta yakakata.

"Glanza hiyo, mwana?"

Natabasamu. Sijibu.

Mvua za kwanza za masika zilinipa salamu. Maji yakaingia kwenye lile tundu, yakadondoka juu ya distributa na nyaya za plagi. Gari ikazima katikati ya maji, washkaji walewale walioniita Glanza wakanisukuma huku wakiimba. Kwenye Glanza yenyewe chini ya tundu kuna intakula. Kwangu kulikuwa na nyaya. Nikaziba kwa mfuko wa plastiki na gundi, maisha yakaendelea. Pedi bado nasema wiki hii hii.

Mwezi wa nne, mama akaniomba nimpeleke kwao Lushoto kwenye msiba wa shangazi yake. Asubuhi ya safari akaizunguka gari, akagonga ile skupu kwa kidole.

"Hili tundu la nini, mwanangu?"

"Linaisaidia gari kupumua, mama."

"Haya, na ipumue," akasema, akaingia kiti cha nyuma na khanga zake.

Kupanda hakukuwa na tatizo. Tatizo la mlima ni kushuka. Aliyewahi kutoka Lushoto kwenda Mombo anaijua ile barabara, kona inamkabidhi mwenzake kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine unaona vilele vya miti. Mimi nikajiona McRae. Gia ya juu, mguu kwenye breki, naachia, nakanyaga, naachia, nakanyaga. Tulipopita Soni nikaanza kusikia harufu ya kitu kinaungua. Nikajua ni lori lililo mbele yetu.

Kona chache baadaye nikakanyaga breki, mguu ukazama. Ulikwenda mpaka chini, laini, kama unakanyaga godoro.

Fundi alinieleza baadaye. Mafuta ya breki yakikaa muda mrefu yananyonya unyevu, na yakishaunyonya yanachemka upesi. Pedi zikiwa zimeisha, joto linapita kirahisi kuyafikia. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Unakanyaga, unabana mvuke, pedi hazisukumwi. Lakini pale mlimani sikuwa na nafasi ya elimu hiyo. Nilipiga gia namba mbili, injini ikalia kama mbuzi anayechinjwa, nikavuta breki ya mkono kidogokidogo, nikailaza gari upande wa ukuta. Taa ya kushoto ikavunjika, kioo cha pembeni kikaenda, mlango ukachunwa rangi mpaka bati. Ikasimama.

Kimya. Nikasikia mama anasoma dua nyuma. Alipomaliza akakaa kidogo, kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Na lile tundu lako, mwanangu, kwenye kusimama halisaidii?"

Mpaka leo sijapata jibu. Nilishuka, nikakaa kwenye jiwe, nikalia. Nilikuwa na fedha ya breki, nikanunua pua ya plastiki, halafu nikampandisha mama yangu mzazi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ulikuwa ni mimi.

Kwa hiyo mwanangu wa IST, kama unasoma hapa, sikusemi vibaya. Penda gari yako, ipambe. Ila fuata foleni. Kwanza breki, pedi na mafuta yake. Pili matairi, maana gari yote imeshikana na lami kwa viganja vinne tu vya mpira. Tatu taa. Ukishamaliza hapo, weka hata pembe za swala. Kumbuka pia kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, umbali unaohitajika kusimamisha gari kwa breki unakuwa mara nne. Wanaokuuzia vya kuongeza kasi hawakwambii hiyo.

Na wewe unayetafuta gari ya kununua, usidanganyike na boneti ya nje. Mwambie muuzaji afungue. Kama ni Forester au Impreza anakuapia ina tabo, tazama chini ya tundu. Ukikuta mapezi ya bati, hiyo ndiyo intakula, endelea na mazungumzo. Ukikuta tundu halina kitu chini, au limezibwa, muulize kwa upole bei ya gari bila skupu.

Starlet yangu nilishaiuza, na boneti niliirudishia ya kawaida kabla sijaiuza, maana sikutaka dhambi hiyo iende kwa mtu mwingine. Ile skupu mama aliiomba. Nilipokwenda kwake mara ya mwisho niliikuta uani imeinamishwa, vifaranga sita wamejibanza ndani wanakwepa mvua. Mama akaniambia nisiisogeze, wamelala.

Haya washkaji, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na mwenye pedi kama karatasi asiseme wiki hii hii. Aende leo.