Tahadhari: Wastani wa Floridi Haunyweki

Watendaji wa mitaa na wajumbe wa kamati za maji, hapa kata ya Engutoto na katika kata zote zinazozunguka Mlima Meru: kama mna jedwali la vipimo vya floridi linalosubiri kikao, lizuieni kwanza. Likishapigwa muhuri, litanakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine, na kosa lililomo litasafiri nalo.

Maji yetu hupita katika miamba ya volkano na kubeba floridi. Kisima kimoja kinaweza kuwa salama, na cha jirani kikavuka kiwango kinachoruhusiwa mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi kabla ya miaka 8, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo inaweza kuharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki.

Sasa tazameni hesabu. Tuseme mtaa mmoja una vyanzo 5 na 4 ni salama, yaani asilimia 80. Wa pili una vyanzo 40 na 10 tu ni salama, asilimia 25. Anayejumlisha asilimia hizo na kuzigawa kwa mbili ataandika 52.5, na kikao kitaamini kwamba zaidi ya nusu ya vyanzo ni salama. Ukweli ni 14 kati ya 45, asilimia 31 tu. Jumlisha idadi kwanza, asilimia ije mwisho. Na hata hiyo ni asilimia ya vyanzo, si ya watu. Kisima kimoja kibaya kinaweza kuwa ndicho kinachoinywesha shule nzima.

Linalonitisha zaidi ni neno "salama" lililoandikwa katika mafaili ya zamani. Kiwango cha Tanzania kiliwahi kuwa miligramu 4.0 kwa lita. Sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Chanzo chenye 3.2 kilihesabiwa salama wakati ule. Ukichanganya hukumu za zamani na za sasa, jedwali litaonyesha usalama usiokuwepo.

Kwa hiyo vunjeni jedwali lenye safu kwa kila mwezi, mlipange upya: mstari mmoja, kipimo kimoja. Andikeni tarehe, chanzo, mtaa, kiasi cha floridi na idadi ya wanaokitumia chanzo hicho. Hukumu ya salama au si salama itokane na namba yenyewe, kwa kiwango cha leo. Mistari ya "Jumla" iliyojificha katikati iondolewe, la sivyo kila kitu kitahesabiwa mara mbili. Kisanduku kitupu kibaki kitupu: kutopima si sawa na kupata sifuri. Kisha muhtasari wowote utatoka humo, na pembeni ya kila wastani wekeni kipimo cha juu kabisa pamoja na jina la chanzo chake.

Wala msisubiri jedwali jipya likamilike ndipo muwaambie watu. Kila chanzo kilichozidi 1.5 kitajwe leo kwa wanaokitumia, na wenye watoto wadogo watangulie kuelekezwa palipo na maji mengine ya kunywa na kupikia uji.