KIZURI CHAJIUZA, LAKINI SHARTI KIONEKANE KWANZA

Wafanyabiashara wetu hupenda kusema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewafaa wauza korosho wa Kisarawe kwa miaka mingi, kwa sababu mnunuzi wa korosho huchota kiganjani, huonja, hupima kwa jicho, ndipo hutoa fedha. Lakini ipo bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuishika wala kuionja mpaka kwanza avutwe kuitazama. Bidhaa hiyo ni mchezo wa kompyuta, na kinachomvuta mnunuzi ni picha ya jalada inayowekwa kwenye duka la mtandaoni. Maoni ya safu hii ni kwamba mwenye mtaji mdogo wa Kibaha au Kisarawe, akiombwa fedha za kutengeneza mchezo wa namna hiyo, asifungue pochi kabla ya kuliona jalada.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili linahusu nini ukurasa wa soko? Linahusu sana. Bidhaa hii haihitaji ghala kule Kwala wala lori la kupeleka mzigo Kariakoo. Haina msimu kama embe, haiozi, na haingoji mnada wa chama cha ushirika. Vijana wawili watatu wa Kibaha wenye kompyuta nzuri, umeme wa uhakika na ujuzi wanaweza kumuuzia mteja wa Ujerumani au Japani bila kutoka nyumbani. Kwa hiyo mapendekezo ya biashara hizi yatazidi kuwafikia wenye akiba, na ni vyema wajue pa kutazama.

Kuingia sokoni si ghali. Duka kubwa la michezo ya kompyuta, Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, hutoza dola 100 kwa kila mchezo, na fedha hizo hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000. Duka hujikatia asilimia 30 ya mauzo. Isitoshe, Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili, hivyo fungu linalotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa kodi kabla ya kutumwa huku. Mwekezaji ayaweke yote hayo katika hesabu zake.

Lakini mlango ukiwa mpana, wanaoingia huwa wengi. Mwaka 2024 peke yake, michezo mipya zaidi ya 18,000 iliingizwa katika duka hilo, wastani wa karibu 50 kwa siku. Hapo ndipo methali yetu inapokwama. Kizuri kimelazwa katikati ya vingine 50 vya siku hiyo hiyo, na mteja anapita mbio. Anayeuza bidhaa kando ya Barabara ya Morogoro anaielewa hali hii. Abiria aliye dirishani ana sekunde chache tu, na asipovutwa na alichokiona, basi limekwisha ondoka.

Tena sekunde hizo hutumika kwenye picha ndogo sana. Moja ya picha ambazo Steam huzitaka ina pikseli 462 kwa 174, na kwenye orodha za duka huonekana ndogo zaidi, takriban vidole viwili vilivyolazwa pamoja. Mchoraji anayechora bango la ukutani kisha akalipunguza hadi kipimo hicho atapata ukungu. Jalada linapaswa kuchorwa tangu mwanzo kwa kuifikiria picha ile ndogo, yaani kitu kimoja kikubwa, rangi mbili tatu zinazopingana, na jina linalosomeka.

Michezo ya safari za anga za juu ina shida yake ya pekee. Karibu kila mtunzi anayeanza huchora mambo yale yale: weusi, nyota, sayari yenye pete kama Zohali, na chombo kidogo kinachopita. Kila picha ikitazamwa peke yake inapendeza. Zikipangwa kumi pamoja, hakuna inayotofautiana na mwenzake. Ni sawa na vibanda kumi vilivyopangana, vyote vikiuza nyanya kwa mafungu ya ukubwa mmoja.

Waliofanikiwa walitafuta njia nyingine. Mchezo wa Kerbal Space Program, uliotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011 na kukamilika mwaka 2015, haukutoka Marekani wala Japani. Ulitengenezwa Mexico City na Squad, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi za matangazo ya biashara. Walichokitanguliza mbele ya mnunuzi ni viumbe vidogo vya kijani vyenye macho makubwa, wamevaa kofia za wanaanga. Mtu akitazama anajua papo hapo kwamba hapa kuna roketi, kuna hatari, na kuna kicheko. Mwaka 2017 haki za mchezo huo zilinunuliwa na kampuni kubwa ya Marekani, Take-Two. Mchezo wa Outer Wilds wa mwaka 2019, uliopewa tuzo ya mchezo bora ya BAFTA ya Uingereza mwaka 2020, ulichagua moto wa kambi kuwa picha yake, na anga iko nyuma. Anga peke yake haina joto, lakini moto humwambia mnunuzi kwamba yupo mtu, naye yuko mbali na kwao.

Kuhusu jina, watu wa pwani hatuhitaji mwalimu kutoka mbali. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mnunuzi huvutwa na rangi akiwa mbali, akikaribia husoma jina, na jina lisipomgusa huirudisha kwa muuzaji. Wala hakuna mwenye akili anayeandika maneno matano tofauti kwenye khanga moja. Steam nao wameifanya kanuni hiyo kuwa sheria. Tangu Septemba 2022 hawaruhusu kwenye jalada maneno ya sifa, alama za tuzo wala matangazo ya punguzo la bei. Vinavyokubaliwa ni mchoro, jina la mchezo na jina lake dogo kama lipo. Hivyo mtunzi hana pa kujificha: mchoro na jina vibebe mzigo wote.

Na hapa tutoe tahadhari. Wanunuzi wa mkaa wa Kisarawe wanalijua gunia lililopangwa vipande vikubwa juu na chenga chini. Gunia hilo huuzwa mara moja tu. Kwenye duka la michezo mambo ni mabaya zaidi, kwani tangu mwaka 2015 mteja wa Steam anaweza kudai fedha zake ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa mbili. Jalada lenye vita vya vyombo mia, wakati mchezo wenyewe ni wa kuchora ramani ya sayari kwa utulivu, litaleta wateja wasiofaa, na wataondoka na fedha zao pamoja na maneno mabaya. No Man's Sky, mchezo wa safari za anga uliotolewa Agosti 2016 na Hello Games ya Uingereza, ulifikishwa mbele ya mamlaka ya matangazo ya nchi hiyo kwa malalamiko kwamba picha na video zake za dukani ziliahidi zaidi ya kilichomo. Mamlaka haikuwatia hatiani, lakini kampuni ilitumia miaka kadhaa kuuongezea mchezo mambo mapya bila malipo ili kurejesha imani ya wanunuzi. Mwenye mtaji mdogo hana miaka hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba bidhaa ya anga ikitoka kwetu lazima ijivike sura ya kigeni ili ikubalike. Wakumbuke kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksi kutoka angani, kikapewa jina la Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota mpaka leo. Kati ya sayari elfu zenye pete, jalada lenye mwanaanga aliyefunga khanga kiunoni, au roketi inayopanda juu ya mikorosho ya Kisarawe, haliwezi kuchanganywa na jingine. Sharti moja tu, vitu hivyo viwemo kweli ndani ya mchezo.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme vijana wa Kibaha wanaleta mpango wao. Mwekezaji aangalie kama mchoraji wa jalada ana fungu lake tangu siku ya kwanza, maana kawaida fedha huisha kwenye kompyuta na jalada huchorwa usiku wa mwisho. Aombe mchoro wa awali, aupunguze kwenye simu yake hadi ukubwa wa vidole viwili, auweke kati ya majalada kumi ya michezo ya aina hiyo, kisha amwonyeshe mtu asiyehusika na kumuuliza huu ni mchezo wa nini. Akikosa jibu, mchoro urudi kwa fundi. Adai mkataba wa maandishi unaosema nani ana hakimiliki ya mchoro huo, kwa kuwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mchoraji, na mchoraji asiyelipwa anaweza kuisimamisha biashara. Kama picha imetengenezwa kwa akili bandia, Steam hutaka mtunzi alitangaze hilo tangu Januari 2024.

Mwenye mpango akijibu kwamba jalada litafikiriwa mwishoni, huyo amejenga duka akasahau mlango. Mwekezaji abaki na fedha zake mpaka mlango utakapoonekana.