Sembe Hana Kosa

Kukidharau chakula kinachotoka katika maji ya karibu na kukitukuza kilichosafirishwa kutoka mbali ni tabia iliyoota mizizi katika miji ya kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, na madhara yake huonekana kwanza katika sufuria za watu wenye kipato kidogo. Wasomaji waliozoea safu hii wanajua kwamba makayabo, yaani samaki wa bahari aliyekaushwa kwa chumvi, hayatajwi humu bila lawama. Wiki hii lawama inazidi, kwa kuwa mama mmoja wa Kasongo ameaibishwa mbele ya watoto wake kwa sababu ya samaki halali na wa bei nafuu.

Mama huyo, ambaye kwa kawaida hupika sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, pamoja na ndakala, yaani dagaa, wakavu wa Ziwa Tanganyika, alikuta sokoni kwamba fungu la ndakala limempita uwezo, akageukia beseni lenye sembe, samaki mrefu wa kuteleza mwenye mapezi membamba, ambaye Tanzania huitwa kambare mamba na Kisumu huitwa kamongo. Hakuwahi kumpika. Alimuuliza mchuuzi, akaelezwa namna ya kummwagia maji ya moto, kumsugua kwa majivu mpaka ute utoke, kumchuna, kumkata vipande na kumkausha kwa moshi kabla ya kumtia katika mawese yenye nyanya, kitunguu na pilipili. Aliifanya kazi hiyo tangu adhuhuri, akasonga bukari, ambao kwingineko huitwa ugali, akatenga chakula kwa ajili ya jamaa na wageni, na mwandishi wa safu hii akiwamo.

Kaka mkubwa wa mumewe, aliyekuwa amefika kutoka Kabambare, alifunua bakuli, akauliza jina la samaki, kisha akalisukuma kando akisema kwamba nyoka haliwi katika nyumba ya Waislamu. Mtoto mdogo aliyekwisha kuchovya tonge, na ambaye uso wake ulionyesha wazi kwamba ameupenda mchuzi, alinyang'anywa tonge hilo, na kijana akatumwa dukani kuchukua makayabo kwa deni. Mume alinyamaza. Ukimya huo unaudhi kuliko maneno ya kaka, kwa maana yeye ndiye aliyetoa fedha ya sokoni na alijua vema kiasi chake.

Sembe si nyoka. Ni samaki wa jamii ambayo wataalamu huiita Protopterus, mwenye matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, na pia mapafu mawili yanayomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, hata kinamasi kikikauka aweze kujichimbia matopeni na kulala humo kwa miezi ndani ya ganda la ute wake mwenyewe. Magamba anayo, ila ni madogo na yamezama katika ngozi. Hata asingekuwa nayo, hoja ya dini ilishikwa vibaya, kwani sharti la magamba linajulikana kwa Mashia, na kwa Wasabato wanaolishika kutoka katika kitabu cha Walawi, wala si sharti la Masuni, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa Kasongo.

Tena sembe si mgeni katika nchi hii. David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871, aliandika kwamba katika soko la mji huo wa ukingoni mwa Lualaba, usio mbali na Kasongo, samaki huyu aliletwa akiwa ndani ya vyungu vya maji, na jina alilolisikia akaliandika kuwa sembe. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wa misafara ya biashara ya pembe na watumwa walilimiminia soko hilo risasi, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua, wakauawa au wakazama mtoni. Chakula walichokibeba wanawake wale hakistahili kuitwa nyoka na wajukuu zao. Makayabo yalipata heshima kwa njia nyingine: samaki wa chumvi aligawiwa katika posho za wafanyakazi wakati wa utawala wa Wabelgiji, na tangu hapo anayekula samaki wa dukani huonekana kuwa mtu wa mshahara, hata kama samaki mwenyewe amechukuliwa kwa deni.

Huko Buganda, nchini Uganda, watu wa ukoo wa Mamba humwacha samaki huyu kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao, na kumwacha huko ni kumheshimu. Mgeni wa Kabambare hakutaja mwiko wowote wa ukoo. Alichokuwa nacho ni kinyaa, na kinyaa cha mtu mmoja hakiwezi kuwa sheria ya nyumba nzima, hasa nyumba ambayo yeye hachangii chochote katika gharama zake.

Mume wa mama yule anaombwa alilipe deni la makayabo bila kugusa fedha ya sokoni, amtake radhi mkewe, amletee sembe mwingine, na safari hii awe wa kwanza kumega tonge mbele ya kaka yake.