Ziwa letu na watoto wetu wakati wa likizo



Tukifika kwenye somo la bahari, watoto wa hapa Makobola huuliza: je, ziwa letu nalo linapwa na kujaa? Jibu ni hapana, si kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kule Mombasa mwezi na jua huvuta maji ya bahari, yakapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti inaweza kufika mita 3 na zaidi. Mvuvi wa kule anajua saa za mkondo. Tanganyika haina saa kama hizo. Nguvu yake inatoka kwa upepo na kwa mito, ndiyo maana inatukuta hatujajiandaa.

Tuanze na upepo. Tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini hupita juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, hakuna kitu cha kuuzuia. Kadiri unavyotoka mbali, ndivyo mawimbi yanavyokua. Sasa hesabuni: Julai na Agosti ni likizo, na ndiyo miezi watoto wanayoomba kumfuata baba kwenye uvuvi au kuchezea mtumbwi uliofungwa ufukoni. Tena, usiku na alfajiri hewa baridi hushuka kutoka milimani ikivuma kuelekea ziwani. Mtumbwi wenye watoto 2 ndani husukumwa polepole, maji yakionekana matulivu kabisa. Mtoto anashituka akiwa mbali, na hana kasia.

Pili, midomo ya mito. Wengi wetu tunafulia nguo pale. Mvua ikinyesha huko juu milimani, mto hujaa hata kama kwetu jua linawaka. Tunakumbuka Uvira, Aprili 2020, jinsi Mulongwe ulivyobeba nyumba na watu. Pale mto unapopambana na mawimbi, mtumbwi mdogo hupinduka upesi. Maji yakianza kugeuka rangi ya udongo, mtoeni mtoto kwanza, nguo baadaye.

Tatu, mzigo. Desemba 2014, meli Mutambala ilizama kwenye ziwa hili hili, upande wa Katanga. Walikufa watu zaidi ya 120. Ilisemwa kwamba upepo ulikuwa mkali na mzigo ulikuwa umezidi. Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, watu wa bandarini wakiitazama.

Basi tufanye nini? Mtumbwi ukipinduka, shikeni mtumbwi. Mbao huelea; anayeuacha ili aogelee mpaka pwani huchoka njiani. Anayevutwa na mkondo asipigane nao uso kwa uso, aogelee kwa kufuata ufuko mpaka nguvu ipungue. Mtoto akizama, usijitupe majini kama hujui kuogelea: tupa kamba, au bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni mara 5, kisha anza kukandamiza kifua, huku mwingine akikimbia kuita muuguzi.

Mama mwenye kupeleka ndagala sokoni Uvira au Baraka najua atasema: jile ni ya bei, na nikikataa boti iliyojaa, samaki wataoza. Ni kweli, peke yako huwezi. Lakini wamama 10 wakikataa pamoja, mwenye boti atapunguza mzigo, maana bila sisi hana abiria. Na likelemba inayonunua sahani na viti inaweza kuanza na jile 1 kila mzunguko, ya kwanza kwa mtoto.

Naomba kila kikundi kilete jambo hili kwenye mkutano ujao, kabla shule hazijafungwa. Amueni mambo mawili: nani atafuga makasia nyumbani jioni, na jile ya kwanza itanunuliwa lini.