Gololi za leza: mwekezaji aulize ada kwanza

Kila inapotangazwa kuwa maabara fulani imepata chombo kipya cha tiba, wawekezaji wadogo hukimbilia kuuliza hisa gani zinunuliwe. Swali la msingi ni jingine: nani atatoza ada, na kwa muda gani?

Mfano ni gololi ndogo sana za kubana mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kuwa punje ya mviringo inaweza kuubana mwanga ukatokea upande wa pili kama ncha nyembamba mno. Baadaye kundi la Vasily Astratov, wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Charlotte, lilipanga gololi hizo kwa mstari mbele ya uzi unaopitisha leza. Lengo ni kukata pale tu ncha inapogusa. Leza ya erbiumu iliyokusudiwa hunyonywa upesi na maji ya mwilini, hivyo haipenyi mbali. Kwa daktari anayepasua karibu na retina, manufaa yake yako wazi.

Hata hivyo, manufaa ya mgonjwa si lazima yawe faida ya mwenye hisa. Leza za kurekebisha macho za Summit Technology na VISX ziliidhinishwa Marekani mwaka 1995 na 1996. Kampuni hizo hazikutegemea mauzo ya mashine peke yake. Ziliunganisha hataza zao na kutoza dola 250 kwa kila upasuaji. Mwaka 1998 zilishitakiwa na serikali kwa kupanga bei. Februari 2000 VISX ilishusha ada hadi dola 100, na hisa zake zikaporomoka. Mashine zilikuwa zile zile na madaktari waliendelea kuzitumia. Kilichopungua ni ada.

Gololi nazo zipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Nani anamiliki hataza? Kibali cha kutibu kimetolewa? Ncha itatupwa baada ya kila mgonjwa, ili mauzo yarudi kila siku, au itasafishwa na kutumika tena, muuzaji apate mara moja tu?

Mwekezaji asiye na majibu ya maswali hayo ni heri fedha zake zibaki kwenye dhamana za Serikali.