Kiwavi wa Mkindu



Mama mmoja msusi wa mikeka ameleta swali. Mikindu iliyo nyuma ya nyumba yake imeingia viwavi, majani yamekunjwa na kuliwa kandokando, na mwanawe amekwisha kununua dawa ya kunyunyizia. Je, ainyunyize?

Namshauri asiinyunyize. Akikuta jani limekunjwa mfano wa bomba, kingo zake zimeshikizwa kwa nyuzi laini kama hariri, ndani mara nyingi yumo mtoto wa kipepeo wa kahawia, mnene wa mwili, ambaye wataalamu humwita Zophopetes dysmephila. Hula mkindu na hula mnazi pia. Hana nywele za kuwasha kama viwavi wengine. Mtoto akimshika hadhuriki.

Kupunguza jani, analipunguza. Lakini msusi hutaka ukindu wa chipukizi ambalo halijafunguka, na kiwavi huyu hukunja jani lililokwisha kufunguka. Hasara yenyewe basi ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Sasa tuifuate hiyo dawa. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, kisha kili hushonwa pamoja. Mikono ya mama imo humo siku nyingi. Mwisho wake huwa msala wa mtu kuweka paji la uso, au mkeka wa kulazia mtoto mchanga. Na mnunuzi ataelezwa? Kumficha mteja aibu ya bidhaa ni jambo ambalo hukumu yake tunaijua sote.

Kijana akitaka kazi, ipo. Adui wa mnazi ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele mpaka kwenye moyo wa mti. Huyo huzaliana katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi. Wangapi kati yetu wananyunyizia majani na huku gogo linaoza kando ya mlango! Aliondoe hilo. Viwavi awapasulie mabomba yao kwa mkono, awatupie kuku.

Na akitamani kumwona kipepeo mwenyewe, hatampata mchana. Huruka jua linapozama, tena kwa kasi, basi achunge tu Magharibi isimpite.